Kwa nini saratani ya utumbo huwa kali kwa huyu na nyepesi kwa yule?

Mnamo Julai 26, 2019, Wakenya walipokea habari za kifo cha Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra. Alikuwa na umri wa miaka 41. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amejitokeza hadharani na kueleza kwamba anaugua saratani ya utumbo mpana iliyokuwa imefika hatua ya nne. Mnamo Desemba 2022, ulimwengu wa soka nao ulimpoteza Pelé wa Brazil. Yeye pia alikuwa akiugua saratani ya utumbo mpana, lakini alikuwa na miaka 82.

Jina la ugonjwa ni moja. Hata hivyo, mmoja alipatwa nao akiwa kijana na mwingine alipatwa nao uzeeni. Huenda wewe msomaji umeshuhudia mambo kama hayo katika mtaa wenu. Jirani mmoja alifanyiwa upasuaji, akapona na hadi leo anaenda kazini. Mwingine alifuata maagizo yote ya daktari, akameza dawa zote, lakini hakumaliza mwaka. Watu husema ni bahati, wengine husema ni mkono wa mtu.

Hatuwezi kueleza habari za mgonjwa yeyote bila kuona vipimo vyake, na si kazi yetu kukisia. Lakini sayansi imegundua mengi kuhusu sababu zinazofanya saratani hii iwe kali kwa mtu mmoja na nyepesi kwa mwingine. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya jeni, yaani zile chembe za urithi ambazo kila mtu hupata kwa baba na mama yake. Kujua jambo hili si anasa ya wasomi. Linaweza kuokoa maisha yako, au ya ndugu yako ambaye bado hajaanza kuugua.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ni ile sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, ambapo maji hufyonzwa na kinyesi kutengenezwa kabla ya kutoka. Saratani inaweza kuanzia mahali popote katika utumbo huo, hadi kwenye rektamu, yaani sehemu iliyo karibu na njia ya haja kubwa.

Ulimwenguni kote, watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka wa 2022, na zaidi ya 900,000 walifariki kutokana nayo. Ni watu wengi sana, hasa ukizingatia kwamba huu ni miongoni mwa magonjwa ya saratani yanayoweza kuzuiwa kabla hayajaanza.

Tunasema hivyo kwa sababu mara nyingi saratani hii huanza kama kijinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Kijinyama hicho hakina maumivu na wengi hukaa nacho bila kujua. Kwa kawaida huchukua takriban miaka 10 kabla ya kugeuka kuwa saratani, na si vijinyama vyote vinavyogeuka. Daktari akikiona mapema na kukikata, hatari imeondoka.

Jeni huharibikaje?

Hebu tufikirie matatu inayoteremka mlima. Ili iende salama inahitaji breki zinazoshika, na kikanyagio cha mafuta ambacho dereva anaweza kukiachilia anapotaka. Chembe za mwili pia ziko hivyo. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kuziambia chembe zisizaane ovyo. Hizo ndizo breki. Zipo nyingine zinazoziambia chembe zizaane pale mwili unapohitaji, kwa mfano kuziba kidonda. Hicho ndicho kikanyagio cha mafuta.

Mwaka wa 1990, wanasayansi wawili wa Marekani, Eric Fearon na Bert Vogelstein, walieleza kwamba saratani ya utumbo haitokei kwa pigo moja. Hutokea hatua kwa hatua, jeni moja ikiharibika baada ya nyingine. Mara nyingi breki ya kwanza kukatika ni jeni iitwayo APC, na hapo kijinyama huanza kuota. Kisha jeni iitwayo KRAS hukwama kama kikanyagio kilichonasa, na kijinyama hukua kwa kasi. Baadaye jeni iitwayo TP53, ambayo ni mlinzi wa mwisho, nayo huharibika. Kufikia hapo chembe hazisikii tena amri ya mwili.

Ni muhimu msomaji atofautishe mambo mawili hapa. Kasoro nyingi za jeni hutokea ukubwani, ndani ya utumbo peke yake. Huchangiwa na umri, chakula, sigara, pombe na mambo mengine, na mtu hawezi kumrithisha mtoto wake. Lakini kuna watu wachache wanaozaliwa tayari breki moja ikiwa imekatika katika kila chembe ya mwili. Hao waliirithi kutoka kwa mzazi. Inakadiriwa kwamba kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii, takriban 5 walizaliwa na kasoro ya namna hiyo.

Fundi wa cherehani aliyejua kifo chake

Mnamo 1895, daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, Aldred Warthin, alizungumza na fundi wake wa cherehani. Mwanamke huyo alikuwa mwenye huzuni, na daktari alipomuuliza sababu alijibu kwamba anajua atakufa angali kijana. Alieleza kuwa watu wengi wa ukoo wao walikuwa wamekufa kwa saratani ya utumbo au ya nyumba ya uzazi, na kwamba hakuona kwa nini yeye asalimike.

Daktari huyo hakumpuuza. Alianza kuandika majina ya jamaa wote wa ukoo ule, umri waliokufa na ugonjwa uliowaua. Mwanamke yule alikufa kama alivyotabiri, kwa saratani ya nyumba ya uzazi. Warthin alichapisha habari za ukoo huo mwaka wa 1913. Miaka ya 1960, daktari mwingine, Henry Lynch, aliichukua kazi hiyo na kuiendeleza. Madaktari wengi walimpinga kwa kuwa walidhani saratani haiwezi kurithiwa. Ilichukua hadi 1993 na 1994 kwa jeni zenyewe, MSH2 na MLH1, kugunduliwa. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kuwa ukoo wa yule fundi ulikuwa na kasoro katika MSH2. Leo hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Lynch.

Jeni hizo hufanya kazi gani? Unajua kwamba kabla ya gazeti kupelekwa mitamboni, kuna watu ambao kazi yao ni kusoma kurasa na kusahihisha makosa ya herufi. Mwilini pia, kila mara chembe inapogawanyika, maandishi yote ya urithi hunakiliwa upya, na makosa hayakosekani. MSH2, MLH1 na wenzao wawili, MSH6 na PMS2, ndio wasahihishaji. Mmoja wao akikosekana, makosa hurundikana. Ndiyo maana kwa mtu mwenye ugonjwa wa Lynch kijinyama hakichukui miaka 10 kuwa saratani. Kinaweza kuchukua miaka miwili au mitatu tu. Saratani yenyewe mara nyingi hutokea kabla ya miaka 50.

Kuna hali nyingine ya kurithi inayotokana na jeni APC. Mtu aliyezaliwa nayo huota mamia, na pengine maelfu, ya vijinyama kwenye utumbo tangu utotoni au ujanani. Asipotibiwa, karibu ni lazima apate saratani kabla ya kufika uzeeni, mara nyingi anapokaribia miaka 40. Tiba ni kuuondoa utumbo mpana kwa upasuaji kabla saratani haijaanza. Upasuaji huo ni mkubwa, lakini watu waliofanyiwa huoa, huolewa na kulea watoto wao.

Katika hali hizi mbili, mzazi mwenye kasoro ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayezaliwa. Haijalishi kama ni baba au mama, wala haijalishi kama mtoto ni mvulana au msichana.

Mtoto wa nyoka ni nyoka?

Wengi wakisikia neno kurithi hukata tamaa mara moja. Husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Hapo ndipo wanapokosea. Aliyerithi kasoro hajarithi saratani. Amerithi hatari, na hatari inayojulikana inaweza kuzuiwa.

Ushahidi upo. Nchini Finland, madaktari walizifuatilia familia zenye ugonjwa wa Lynch kwa miaka 15. Baadhi ya jamaa walikubali kuchunguzwa utumbo kila baada ya miaka mitatu na wengine hawakuchunguzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2000 yalionyesha kuwa waliochunguzwa walipata saratani ya utumbo kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya nusu. Siku hizi watu wa familia hizo hushauriwa wachunguzwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kuanzia umri wa miaka 20 hadi 25.

Uchunguzi huo hufanywa kwa mrija mwembamba wenye kamera ambao daktari huupitisha kwenye njia ya haja kubwa hadi ndani ya utumbo. Mgonjwa hupewa dawa ya kusafisha tumbo siku iliyotangulia, na dawa ya kumtuliza wakati wa kazi yenyewe. Wanaume wengi huuonea haya uchunguzi huu. Lakini aibu ya nusu saa si kitu ikilinganishwa na kuacha wajane na mayatima.

Ukali wa saratani ikishaingia

Sasa tuje kwa yule ambaye tayari ana saratani. Jambo la kwanza linaloamua hatima yake ni hatua ambayo ugonjwa umefika. Takwimu za Marekani huonyesha kwamba saratani ikipatikana ingali ndani ya utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikiwa imeshasambaa hadi kwenye ini au mapafu, wanaobaki ni mmoja au wawili tu kati ya 10. Hakuna jeni iliyo na nguvu kuliko kuchelewa.

Hata hivyo, wagonjwa wawili walio katika hatua ile ile wanaweza kuwa na matokeo tofauti kabisa. Hapa ndipo maabara inapopima jeni za uvimbe wenyewe. Zipo aina tatu ambazo msomaji anafaa kuzifahamu.

Ya kwanza ni saratani ambayo wasahihishaji wake wamekufa. Aina hii hupatikana kwa takriban wagonjwa 15 kati ya 100. Wachache wao wana ugonjwa wa Lynch. Wengi waliobaki, hasa wazee, jeni MLH1 ilizimika ndani ya uvimbe tu na haiwezi kurithishwa. La kushangaza ni kwamba aina hii, ikikamatwa katika hatua ya pili, huwa na matokeo mazuri kuliko nyingine. Makosa yakiwa mengi mno, chembe za saratani huonekana ngeni kabisa machoni pa askari wa kinga ya mwili, nao huzishambulia. Wagonjwa wa aina hii walio katika hatua ya pili hawafaidiki na dawa ya kawaida ya fluorouracil ikitolewa peke yake. Kwa hivyo kupima kunaweza kumwepusha mtu na miezi ya kutapika bila faida.

Hata ikiwa imesambaa, aina hii ina tiba yake. Mwaka wa 2017, Marekani iliidhinisha dawa ya pembrolizumab, inayoamsha kinga ya mwili, kwa wagonjwa wa namna hii. Mnamo 2022, madaktari wa New York waliripoti kuhusu wagonjwa 12 wa saratani ya rektamu ya aina hiyo hiyo waliopewa dawa inayofanana nayo iitwayo dostarlimab. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12, bila upasuaji wala miale. Dawa hizi ni ghali mno, na hazifanyi kazi kwa wale wengine 85 kati ya 100.

Aina ya pili ni ile ya KRAS, kile kikanyagio kilichonasa. Hupatikana kwa takriban wagonjwa 40 kati ya 100. Ipo dawa iitwayo cetuximab inayotumiwa kwa saratani iliyosambaa, lakini mwaka wa 2008 ilidhihirika kwamba haimsaidii mgonjwa ambaye KRAS yake imeharibika. Fikiria familia iliyouza shamba na kuitisha harambee ili kununua dawa ambayo tangu mwanzo haikuweza kufanya kazi. Kipimo kimoja cha maabara kingewaeleza ukweli mapema.

Aina ya tatu ni ile ya BRAF, ambayo hupatikana kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya 10. Hii ndiyo kali. Ikiwa wasahihishaji wangali hai na BRAF imeharibika kwa namna iitwayo V600E, ugonjwa uliosambaa huenda kwa kasi na dawa za kawaida huuzuia kwa muda mfupi tu. Kwa daktari, kujua hivyo ni ishara ya kutumia mchanganyiko tofauti wa dawa mapema, na wala si ya kumtelekeza mgonjwa.

Pia zipo tofauti za jeni zisizohusu saratani bali dawa. Fluorouracil na ndugu yake wa vidonge, capecitabine, huvunjwa mwilini kwa msaada wa jeni iitwayo DPYD. Watu wachache huzaliwa na DPYD dhaifu. Wakipewa kipimo cha kawaida, dawa hurundikana mwilini na inaweza kuwasababishia vidonda vya mdomo, kuhara kusikokoma na hata kifo. Aina moja ya kasoro hii hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka wa 2020, shirika linalosimamia dawa katika Muungano wa Ulaya lilipendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza dawa hizo.

Je, chakula hakina makosa?

Kina makosa pia, na ni vizuri tusiitwike jeni mzigo wote. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, aliona kuwa saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika wa mashambani waliokula vyakula vyenye makapi mengi. Mwaka wa 1971 aliandika kwamba ukosefu wa makapi katika chakula cha Wazungu ndio uliowaponza.

Mtu anapohama kijijini na kuja mjini, jeni zake hazibadiliki njiani. Kinachobadilika ni sahani na mwendo. Muhogo, maharagwe na mboga za kienyeji huachia nafasi chipsi na soseji, na kutembea kwa miguu huachia nafasi kukaa ofisini kutwa. Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani kupitia tawi lake la utafiti wa saratani lilitangaza kuwa nyama zilizosindikwa, kama vile soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo, na kwamba yamkini nyama nyekundu pia huchangia. Hakuna anayekukataza nyama choma ya Jumapili. Lakini isiwe ndiyo chakula cha kila siku, na mboga isiwe pambo la sahani.

Siri ya matanga

Tatizo kubwa kwetu ni kimya. Soma matangazo ya vifo magazetini. Mara nyingi utaambiwa kwamba marehemu aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi, au kwa muda mrefu. Aliugua nini? Hakuna anayesema. Nyumbani watoto huambiwa kwamba babu alikufa kwa tumbo na mazungumzo yanaishia hapo. Pengine shangazi naye alikufa kwa tumbo akiwa na miaka 44, na ami akiwa na miaka 39, na ukoo mzima ukaamini kwamba umelaaniwa.

Yule fundi wa cherehani wa Michigan hakuwa na elimu ya udaktari. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya nani alikufa, kwa nini na akiwa na umri gani. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa sayansi yote tuliyoieleza hapa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mara nyingi maradhi yaliyofichwa na mzee humuumbua mjukuu.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, chukua karatasi uandike majina ya wazazi wako, ndugu zako, babu na nyanya, wajomba, shangazi na ami. Mbele ya kila jina andika kama amewahi kuugua saratani, ya wapi, na umri aliokuwa nao ilipogunduliwa. Waulize wazee kwa heshima, na uwaeleze kwamba ni kwa ajili ya watoto. Ukipata jamaa wawili au watatu wa upande mmoja walio na saratani ya utumbo au ya nyumba ya uzazi, na hasa kama mmoja wao aliugua kabla ya miaka 50, ipeleke karatasi hiyo kwa daktari.

Pili, kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani hii, wataalamu hushauri uanze kuchunguzwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao yeye, ukitangulia upi. Baba yako akiwa aligunduliwa na miaka 42, wewe uanze na 32. Asiye na historia hiyo hahitaji kuharakisha hivyo. Nchini Marekani, tangu 2021 watu wa kawaida hushauriwa kuanza na miaka 45. Kipo pia kipimo rahisi cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho.

Tatu, usidharau dalili. Damu kwenye choo si bawasiri kila mara, wala si amiba kila mara. Ukinunua vidonge kwenye duka la dawa na damu ikarudi, usinunue vingine. Nenda hospitali. Fanya vivyo hivyo ukiona haja imebadilika kwa wiki kadhaa, ukikonda bila sababu, ukihisi hujamaliza haja hata baada ya kutoka chooni, au ukiambiwa una upungufu wa damu ambao sababu yake haijulikani. Usiseme wewe ni kijana mno.

Nne, kama wewe au mtu wako tayari ameambiwa ana saratani ya utumbo, muulize daktari maswali haya. Ugonjwa umefika hatua gani? Je, uvimbe umepimwa kuona kama wasahihishaji wa jeni wanafanya kazi? Kama umesambaa, je, KRAS na BRAF zimepimwa? Je, DPYD inaweza kupimwa kabla ya kuanza dawa? Na je, watoto na ndugu wanafaa kuchunguzwa? Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa.

Vipimo hivi havipatikani katika kila hospitali, na gharama yake si ndogo. Ndiyo sababu ni muhimu kuhifadhi ripoti zote za upasuaji na za maabara. Kile kipande cha nyama kilichokatwa kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya nta katika maabara, na kinaweza kupimwa hata miezi kadhaa baadaye. Kipimo cha kurithi nacho hufanywa kwa damu au mate, na ni bora kianze na yule anayeugua. Kasoro yake ikishajulikana, huwa rahisi kuitafuta kwa jamaa wengine, na wale wasioirithi hupumua na kuendelea na maisha yao kama watu wa kawaida.

Onyo moja la mwisho. Utafiti umeonyesha kuwa aspirini ikimezwa kwa miaka kadhaa hupunguza saratani ya utumbo kwa watu wenye ugonjwa wa Lynch. Usikimbilie dukani kwa sababu hiyo. Aspirini inaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni, na ni daktari pekee anayeweza kukuambia kama inakufaa.

Hukuchagua jeni ulizopewa na wazazi wako, wala wao hawakuzichagua. Lakini unaweza kuchagua kama wanao watajua walichorithi au la. Jumamosi ijayo familia ikikutana, iwe ni kwa ruracio, kwa harambee au kwa matanga, mtafute mzee mmoja, mkae naye kando, na umwulize: babu alikufa kwa ugonjwa gani?